Nyundo ya Mota Hujengwa Kuanzia Fuawe

Uhunzi wa huku kwetu Kilimanjaro haujawahi kuwa kazi ya mtu mmoja. Ukienda kwa wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu, utamkuta anayevukuta mivuo ya ngozi ya mbuzi, utamkuta anayeshika koleo, na chuma kikiwa kinene atahitajika mwingine wa nyundo kubwa. Nafasi ya mvukuta mivuo imeshachukuliwa na feni ndogo ya umeme katika karakana nyingi, yangu ikiwa mojawapo, na hakuna aliyelalamika. Nafasi ya mpiga nyundo ndiyo iliyobaki wazi. Kijana anayekuja kujifunza hupiga nyundo kubwa kwa msimu mmoja, na akishapata akiba kidogo hununua pikipiki, nami siwezi kumlaumu, kwa sababu bodaboda humpa fedha mkononi kila jioni ilhali jembe hulipwa siku mteja atakapokumbuka.

Kwa hiyo nilijenga nyundo ya mota. Imesimama kwenye kona ya karakana yangu mjini Moshi, imetengenezwa karibu yote kwa vyuma chakavu, na inapiga mara nne kila sekunde. Mafundi wanaokuja kuitazama huanza karibu wote na swali lilelile, kwamba mota yake ina nguvu kiasi gani. Hilo kwangu ni swali la mwisho. La kwanza linapaswa kuwa: chini kuna kilo ngapi?

Kabla ya kulijibu, nieleze umbo la mashine yenyewe. Nyuma ya fuawe, yaani pande zito la chuma ambalo kazi hufuliwa juu yake, imesimama nguzo nene ya chuma. Juu ya nguzo umelazwa mtungo wa springi za gari, zile za mabamba yanayopangwa moja juu ya jingine, nao umeshikwa katikati na egemeo lenye beringi ili ncha zake mbili zipande na kushuka kwa kupokezana kama pembea ya ubao ya watoto. Ncha ya nyuma imeunganishwa kwa konrodi, yaani fimbo ya chuma ya kuunganisha, na kranki, yaani mkono unaozunguka, ambayo huzungushwa na mota kupitia mikanda. Ncha ya mbele imeninginiza kichwa cha nyundo, yaani pande la chuma la kilo 20 linaloteleza kati ya reli mbili. Kranki inapoivuta ncha ya nyuma chini, kichwa hupanda, na inapoisukuma juu, kichwa hushuka na kupiga.

Sasa kichwa hicho cha kilo 20 kinapotua juu ya chuma chekundu, nishati yake hugawanyika pande mbili. Sehemu moja huingia katika chuma na kukibonyeza, ambayo ndiyo kazi tunayoitaka, na sehemu nyingine huisukuma fuawe chini na kupotelea ardhini. Kadiri fuawe inavyokizidi kichwa kwa uzito ndivyo inavyokataa kusogea, na ndivyo chuma kinavyopata fungu kubwa zaidi. Hesabu yake ni ile ya fizikia ya sekondari kuhusu vitu viwili vinavyogongana bila kudunda: gawanya uzito wa fuawe kwa jumla ya uzito wa fuawe na wa kichwa. Fuawe ya kilo 60 chini ya kichwa cha kilo 20 hukiachia chuma asilimia 75 ya pigo. Ya kilo 100 hukiachia asilimia 83, na ya kilo 200 asilimia 91. Ukipanda hadi kilo 400 unafika asilimia 95, yaani umenunua na kubeba chuma maradufu kwa faida ya asilimia nne. Ndiyo maana wajenzi wengi wa nyundo hizi huchukua uwiano wa 10 kwa 1 kuwa kiwango cha chini kinachoridhisha, na aliye na chuma cha kutosha husogea hadi 15 kwa 1 au zaidi.

Nimeona nyundo za mota zenye kichwa kizito na mota kubwa, zikiwa zimesimamishwa juu ya kipande cha bomba. Zinapiga kelele, sakafu inatetemeka, vikombe vya chai vinatembea juu ya meza, na chuma kinabaki na unene wake. Mwenye mashine kama hiyo kwa kawaida huamua kuongeza mota, na mashine hujibu kwa kutetemesha na nyumba ya pili.

Fuawe yangu ni shafti ya duara, imara tupu bila uwazi ndani, yenye kipenyo cha milimita 200 na urefu wa milimita 900, iliyosimamishwa wima. Chuma kina uzito wa takriban gramu 7.85 kwa kila sentimita moja ya ujazo, hivyo shafti hiyo ina kilo 222. Hesabu ya kalamu ilitosha, ingawa muuza vyuma chakavu alisisitiza kutumia mzani wake, nao ukaniongezea kilo kadhaa ambazo sijaziona mpaka leo.

Asiyepata shafti ya namna hiyo anaweza kuunganisha mabamba manene, mradi ayasimamishe wima bega kwa bega na kuyachomelea pembeni kote, ili kila bamba lipokee pigo kutoka juu hadi chini bila kukatizwa. Mabamba yaliyolazwa moja juu ya jingine hubaki na nyufa katikati ambazo uchomeleaji wa pembeni hauzifikii, na kila ufa hula sehemu ya pigo. Wazo la kujaza bomba kwa zege nalo nimelisikia mara nyingi. Zege ina takriban gramu 2.4 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo bomba lenye uwazi wa ukubwa wa shafti yangu lingebeba kama kilo 68 za zege, na zege hiyo ingepasuka polepole kwa mapigo hadi iwe kokoto. Mchanga ndani ya nguzo, kwa upande mwingine, hupunguza mlio wake, na hiyo ndiyo kazi pekee ninayoupa.

Fuawe na nguzo zote mbili zimechomelewa juu ya bamba moja la msingi lenye unene wa milimita 25. Kila kimoja kikisimama kwenye msingi wake, vitaachana kidogo kidogo mpaka kichwa kikose shabaha. Bamba hilo limelala juu ya tabaka la mkanda mkuukuu wa konveya, na mkanda umelala juu ya kitalu cha zege kilichomwagwa ndani ya shimo lake, kikiwa kimetengwa na sakafu ya karakana kwa pengo lililojazwa mchanga. Pengo hilo ni kwa ajili ya majirani, kwa sababu bila hilo kila pigo lingesafiri kupitia sakafu hadi ukutani, na kutoka ukutani hadi kitandani kwa mtu.

Mzee mmoja mhunzi alipokuja kuitazama, hakuuliza habari za mota. Baada ya kuitikia shikamoo yangu aliinama, akaweka kiganja sakafuni hatua mbili kutoka kwenye fuawe, akaniambia, “Haya mwanangu, iwashe.” Nikatoa motoni kipande cha springi kilichoiva rangi ya chungwa na kukipitisha chini ya kichwa, nikikigeuza robo mzunguko kila baada ya mapigo machache, na kipande kikarefuka huku magamba meusi yakidondoka kandokando ya fuawe. Mzee alibaki ameinama mpaka chuma kikafifia. Kisha akajifuta kiganja kwenye suruali na kusema, “Ardhi haikupata kitu. Chuma kimekula chote.”

Nije kwenye springi, maana ndiyo sehemu inayowachanganya watu. Kwa nini kranki isiunganishwe moja kwa moja na kichwa, kama ilivyo kwa pistoni ya injini? Sababu ni unene wa chuma kinachofuliwa. Kranki yangu ina mwendo wa milimita 150 na haiwezi kupunguza wala kuongeza, lakini chuma kilichoko juu ya fuawe hubadilika kila pigo, huanza na milimita 40 na kuishia na 10. Kiungo kigumu kingeishia hewani pale chuma kinapokuwa chembamba, na kingekata bolti au kuzima mota pale kinapokuwa kinene. Springi hukubali kupinda na hivyo huupokea unene wowote. Faida yake ya pili ni kubwa zaidi. Kranki inapogeuka kutoka kukipandisha kichwa hadi kukishusha, kichwa bado kina mwendo wa kwenda juu, hivyo springi hupinda na kujaza nishati, kisha huiachia kwa mchapo, na kichwa hushuka kwa kasi ambayo kranki peke yake isingeweza kukipa. Mashine ikiwa katika kasi yake kamili, kichwa husafiri umbali unaozidi mwendo wa kranki kwa juu na kwa chini.

Jambo hili halikugunduliwa jana. James Nasmyth alipata hataza ya nyundo ya mvuke huko Uingereza mwaka 1842, lakini ile ilikuwa mashine ya viwanda vikubwa vya meli na mitambo. Nyundo zilizoingia katika karakana ndogo za Marekani, kama Little Giant zilizokuwa zikitengenezwa Mankato, Minnesota, ziliweka springi kati ya kranki na kichwa kwa sababu hizohizo mbili. Kutumia springi ya gari ni njia ya mkato ya mafundi wanaojijengea wenyewe, nayo inatufaa sana sisi ambao kila gereji yetu ina rundo la springi nyuma ya ukuta.

Ukichagua katika rundo hilo, kataa yoyote yenye ufa, hata uwe mdogo kama unywele, na usiichomelee wala kuitoboa springi utakayoitumia kwenye mashine. Joto la kuchomelea huharibu ugumu wake uliopangwa kiwandani, na mahali hapo ndipo itakapokatikia. Mtungo wangu umefungwa kwenye egemeo kwa bolti za umbo la U, na ncha zake zimeshikwa kwa shekeli, yaani viungo vya chuma vinavyocheza, kupitia matundu yaleyale yaliyokuja nayo kutoka kwenye gari. Idadi ya mabamba hupatikana kwa kujaribu. Mtungo ukiwa mgumu mno, kichwa husukuma chuma bila kuchapa. Ukiwa laini mno, kasi inapopanda kichwa huchelewa nyuma ya kranki, kikiwa bado kinashuka wakati konrodi imeshaanza kukivuta juu, na mapigo huvurugika. Kuongeza au kupunguza bamba moja hutosha kwa kawaida kuirudisha mashine kwenye mdundo.

Mafundi wengi pia hushangaa kukuta kwamba mashine ikiwa imezimwa na kranki iko mahali ambapo kichwa kimeshuka kabisa, uso wa kugongea ulio kichwani haugusi uso wa chini ulio juu ya fuawe. Pengo hilo linatakiwa, nami hulirekebisha kwa nati ndefu iliyoko kwenye konrodi ili lizidi kidogo unene wa chuma ninachofua. Mchapo wa springi ndio unaolifunga. Likiwa dogo mno, springi hubanwa kabla ya kupata nafasi ya kuchapa, na mashine hukoroma kama inayokataa kazi.

Kuhusu mota sina mengi. Ni ya nguvu za farasi mbili, ya umeme wa fezi moja, yenye mizunguko 1,440 kwa dakika, na kwa kichwa cha kilo 20 inanitosha. Puli ndogo ya mota ina kipenyo cha milimita 75 na puli kubwa ya shafti ya kranki ina milimita 450, hivyo mizunguko hugawanywa kwa sita na kupata mapigo 240 kwa dakika. Mikanda imeachwa ikilegea. Chini kuna kanyagio la bomba linalozunguka msingi pande tatu, na ninapolikanyaga huvuta rola inayokaza mikanda. Nikikanyaga kidogo, mikanda huteleza na nyundo hugonga taratibu. Nikikanyaga kwa nguvu, hushika na nyundo hukimbia. Mpango huu una manufaa mengine kwa mwenye fezi moja, kwani mota huanza kuzunguka bila mzigo wowote, na hata jioni umeme unapokuwa hafifu kapasita yake haipati taabu.

Reli zinazoongoza kichwa zinahitaji subira kuliko sehemu nyingine yoyote. Kichwa ni pande la milimita 100 kwa 100 lenye urefu wa milimita 250, na upenyo kati yake na bamba za shaba zilizovishwa ndani ya reli haufiki milimita moja. Upenyo ukizidi, kichwa huinama kila kinapopiga ukingoni mwa uso wa chini, na chuma hutoka kikiwa na upande mnene na mwembamba. Ukipungua, kichwa hupata joto, hutanuka na kukwama. Bamba za shaba zimefungwa kwa bolti zinazoweza kusogezwa, kwa kuwa zitalika, na ni heri zilike zenyewe kuliko kichwa. Grisi hupakwa kila asubuhi.

Nyuso mbili za kugongea zimetokana na ekseli ya lori, zikafuliwa, zikapigwa msasa, zikazimwa kwenye mafuta na kurudishwa motoni kidogo ili zisiwe za kuvunjika kama kigae. Zimeingizwa kwenye mifereji na kukazwa kwa kabari, jambo linaloniwezesha kubadilisha nyuso bapa kwa nyuso zenye mgongo. Zenye mgongo ndizo za kurefusha chuma, kwa kuwa hukisukuma kielekee urefu wake badala ya kukitawanya pande zote, na bapa hufuata nyuma kusawazisha mawimbi. Kingo zote zimeviringishwa. Ukingo mkali hukata mkunjo kwenye chuma, pigo linalofuata hufunika mkunjo huo, na jembe huondoka karakanani likiwa na ufa ambao mkulima ndiye atakayeugundua, shambani, katikati ya msimu.

Usalama wa mashine hii hautegemei bahati. Mikanda na puli zimefunikwa kwa wavu wa chuma, na mtungo wa springi umezungukwa na kizimba cha nondo, kwa sababu bamba likikatika wakati wa kazi huruka likiwa na nguvu zote za pigo. Ninapobadilisha nyuso huchomoa waya ukutani na kukiegemeza kichwa juu ya gogo la mti mgumu, hata kama ni kazi ya dakika moja. Miwani na vizuia kelele vya masikioni ni vya lazima, na shati la mikono mipana halikaribii pale. Mgeni wa nyundo hizi hufundishwa kwanza jinsi ya kusimama. Mikono ya koleo hukaa kando ya kiuno na kamwe haielekezwi tumboni, kwa maana chuma kikipigwa kabla ya kulala sawasawa juu ya uso wa chini, koleo hurudi nyuma kwa ghafla, na hurudi kule linakoelekea.

Kwa upande wa kazi, mabadiliko makubwa nimeyaona kwenye joto moja, yaani kazi inayofanyika kila chuma kinapotoka motoni mpaka kififie. Springi za gari zina kaboni ya takriban asilimia 0.6, na chuma cha namna hiyo hakipendi kupigwa kikiwa kimeshafifia, kwani hupasuka kwa ndani. Kwa mkono, muda kati ya kutoka motoni na kufifia hutosha mapigo machache ya maana, halafu unarudi kwenye mkaa. Kwa nyundo hii, muda huohuo unabeba mapigo mengi mno kiasi kwamba shingo ya jembe hurefushwa kwa joto moja au mawili, na mkaa unaookolewa unaonekana wazi kwenye gunia. Nyundo ya mkono haijastaafu. Kukunja tundu la mpini, kunyoosha ukingo na kuupa upanga umbo lake la mwisho ni kazi ambazo bado nazifanya kwenye fuawe ndogo, kwa sababu mashine haioni inachopiga.

Kinachonisumbua sasa ni kusimama kwake. Nikiondoa mguu kwenye kanyagio, puli kubwa huendelea kuzunguka na kichwa hupiga mapigo kadhaa ambayo sikuyaagiza, na mara nyingine kichwa husimama kikiwa chini, mahali ambapo sitaki. Dawa yake ni breki ya ukanda wa ngozi unaozunguka puli kubwa, uliounganishwa na kanyagio kwa mpango wa kinyume, ili ukanda ulegee ninapokanyaga na ukaze ninapoachia, pamoja na uzito mdogo kwenye puli, uliowekwa mahali pa kuifanya isimame kichwa kikiwa juu. Ukanda na mkono wake viko tayari. Nasubiri fundi wa kerezo anikerezee pini.